Mwanga Ukifika Kisogoni

Tukimwuliza mtu yeyote hapa Kasaji, awe mkulima au mfanyakazi wa reli, "Ndugu, waona kwa nini?" atatucheka kidogo, kisha atatuonyesha macho yake mawili. Jibu lake si uwongo, ila ni nusu ya jibu. Macho ni mlango. Nyumba yenyewe iko nyuma, mahali pale pa kisogo ambapo mama hushika kichwa cha mtoto mchanga anapomwogesha. Huko ndiko mwanga unakomaliza safari yake, na huko ndiko unakogeuka kuwa uso wa mtu, au njia, au herufi za gazeti hili. Mtu aweza kuwa na mlango mzuri usio na kasoro, na ndani ya nyumba mkawa na giza.

Jambo hili si elimu ya wakubwa peke yao. Katika vijiji vyetu limekwisha vunja jamaa, kama tutakavyosimulia. Lakini kwanza yafaa tueleze kipimo kimoja ambacho madaktari hutumia kukiuliza kichwa swali bila kupitia kinywani: Je, mwanga umefika? Na umefika baada ya muda gani?

Mgonjwa huketishwa kwenye kiti katika chumba chenye giza kidogo. Mbele yake, umbali wa mita moja hivi, kuna kioo kama cha televisheni kinachoonyesha ubao unaofanana na ule wa mchezo wa dama, miraba myeupe na miraba myeusi. Jicho moja hufunikwa. Kisha ubao huanza kugeuka: palipokuwa peusi huwa peupe, palipokuwa peupe huwa peusi, mara mbili hivi kwa kila sekunde. Mgonjwa hana kazi nyingine ila kukaza jicho katika alama iliyo katikati. Kisogoni pake hubandikwa kisahani kidogo cha madini kwa dawa nzito kama uji, na visahani vingine viwili mahali pengine pa kichwa, na kila kimoja kina waya wake uendao kwenye mashine. Hakuna sindano. Hakuna umeme unaotiwa kichwani. Waya hizo zinapokea tu. Nazo ni za shaba, na huenda shaba hiyo ilitoka katika mashimo ya Kolwezi. Sisi twaichimba, twaiona ikipita katika mabehewa, wala hatujui itakwenda kusikiliza vichwa vya nani.

Maana kichwa cha mwanadamu kina umeme wake. Sisi wa jimbo la Lualaba twaujua umeme kama kitu kikubwa chenye kelele: maji ya Nzilo na ya Nseke yanayozungusha mitambo, na minara ya chuma inayovuka pori kupeleka nguvu migodini. Umeme wa ubongo ni wa namna nyingine kabisa. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Jibu la ubongo linalopimwa juu ya ngozi ya kisogo, ubao ule unapogeuka, ni kama volti moja iliyokatwa vipande milioni, ukachukua vipande kumi hivi. Betri yako ya tochi, basi, inashinda jibu hilo mara laki moja na zaidi.

Tena jibu hilo dogo halikai peke yake. Ubongo haunyamazi hata siku moja. Mtu akikaa kimya, akifumba macho, umeme wa kichwa chake unapanda na kushuka kama mawimbi, mara kumi hivi kwa sekunde, na mawimbi hayo ni makubwa kuliko jibu tunalolitafuta. Fikirini soko letu siku yenye watu wengi. Mtoto mmoja amesimama katikati anagonga kibati kwa kijiti. Nani atamsikia? Lakini tukijua saa hasa anapogonga, tukasikiliza mara mia moja katika dakika zile zile tu, kelele za soko, ambazo kila mara ni tofauti, zitafutana zenyewe kwa zenyewe, na sauti ya kibati, ambayo kila mara ni ile ile, itabaki. Ndivyo mashine ifanyavyo. Kila ubao unapogeuka, inaandika kinachotokea kisogoni. Baada ya mara sitini, au mia, inajumlisha na kugawanya. Mwingereza George Dawson alitengeneza mashine ya kwanza ya kufanya hesabu hiyo, London, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na pasipo yeye tungekuwa bado tunasikiliza soko.

Wa kwanza kujua kwamba ubongo una umeme hakuwa yeye. Mwaka 1875 daktari Richard Caton wa Liverpool alieleza kwamba ameuona umeme huo katika bongo za sungura na nyani, na kwamba ulibadilika alipomulika macho ya mnyama. Kwa wanadamu ilibidi kungoja hata mwaka 1924, Hans Berger wa mji wa Jena, Ujerumani, alipopata kuandika mawimbi ya kichwa cha mtu. Naye alikaa miaka mitano kabla ya kuyatangaza, mwaka 1929. Huyu Berger alianza utafiti wake akitumaini kujua jinsi fikira ya mtu mmoja inavyoweza kuruka hadi kwa mwingine aliye mbali. Hakuona kitu cha namna hiyo. Aliona kwamba mawimbi yale ya mara kumi kwa sekunde yanatulia mara mtu afunguapo macho. Twalisema hili kwa sababu wako wanaoogopa waya za kichwani, wakidhani daktari atasoma siri zao. Asiogope mtu. Mashine hii haijui hata kama mgonjwa ana njaa. Dhambi zake itazijuaje?

Basi, hesabu ikiisha, karatasi inaonyesha mstari wenye kilima kimoja kikubwa. Kwa mtu mwenye afya kilima hicho hutokea baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, karibu kabisa. Daktari hutazama mambo mawili: urefu wa kilima, na saa yake. Na saa ndiyo inayosema zaidi. Mshipa wa jicho una nyuzi kama milioni moja, na nyuzi hizo zimevikwa mafuta kama waya uliovikwa mpira. Mafuta yakibanduka, habari haipotei, ila inachelewa. Mwaka 1972 daktari Halliday na wenzake wa London waliwapima watu waliokuwa wamepatwa na uvimbe wa mshipa huo. Wengine walikuwa wamekwisha pona, wanasoma vizuri, wala hawakuwa na malalamiko. Lakini kilima chao kilikuwa bado kinachelewa. Jicho lilikuwa limesahau ugonjwa, na njia ilikuwa inaukumbuka.

Mkuu wa stesheni ya Kasaji angeelewa upesi. Garimoshi lililotoka Kolwezi likichelewa, yeye hajaona reli iliyoharibika, ila ajua kwamba liko jambo njiani, labda kabla ya Mutshatsha, labda baadaye. Daktari naye ana hila ya kujua zaidi. Nusu ya nyuzi za kila jicho huvuka katikati ya kichwa kwenda upande wa pili, hata yote tunayoyaona mkono wetu wa kushoto hupokewa na ubongo wa upande wa kuume. Kwa hiyo jibu likichelewa kwa jicho moja tu, kosa liko kabla ya njia panda ile, yaani karibu na jicho. Likiharibika kwa macho yote mawili, kosa laweza kuwa mbele zaidi.

Sasa tuje kwa jamaa tuliyoitaja.

Ni watu wa ukoo wetu. Miaka michache iliyopita mtoto wao wa kiume, wa miaka mitano, alishikwa na malaria, ikampanda kichwani. Alipigwa na degedege, akalala siku tatu bila kutambua watu. Akatibiwa, akaamka, akaomba maji. Mama yake alipomnyoshea kikombe, mtoto akapapasa hewani kama mtu atafutaye kamba usiku. Hakuona. Muuguzi akaja na tochi, akammulika, na mboni za macho zikajikunja vema kabisa. Macho yalikuwa safi, yanang'aa. Na hapo ndipo neno baya lilipozaliwa: kama macho ni mazima na hayaoni, basi yuko aliyeyafunga.

Jamaa wakaketi. Nasi tulikuwapo. Mjomba wa mtoto, ambaye kwa desturi yetu neno lake ni zito, alisema wazi kwamba mama mzaa baba, kaku kama tunavyomwita, alimpaka mtoto mafuta usoni juma moja kabla ya homa. Kaku hakukana mafuta. Alisema, "Wanangu, kama nimekula macho ya mjukuu wangu, mbona haya yangu yanazidi kufifia?" Wengine wakacheka, wakajuta kucheka.

Tukamwomba muuguzi aje aseme mbele ya wote. Akaja, akasema kweli tupu: kwamba malaria ikipanda kichwani yaweza kujeruhi pale kisogoni panapoonea, macho yakabaki mazima, kwamba watoto wengi wanaopatwa hivyo huanza kuona tena baada ya majuma au miezi, kwamba tungoje. Mjomba alimsikiliza kwa heshima, kisha akasema neno moja: "Onyesha." Muuguzi hakuwa na la kuonyesha. Alikuwa na tochi yake, na tochi ilikuwa imekwisha toa ushahidi wake, nao ulikuwa kwamba macho ni mazima. Hapa kwetu hatujaiona mashine ile ya ubao wa dama, wala hakuna aliyekuwa na nauli ya kumpeleka mtoto mbali kuitafuta.

Kaku alifunga mzigo wake, akapanda garimoshi, akaenda Dilolo kwa binti yake. Mwezi wa tatu mtoto alianza kufuata moto wa jikoni kwa macho. Mwezi wa tano alimtambua mbuzi kabla hajalia. Tulifurahi, tukamshukuru Mungu, tukadhani sasa kaku atarudishwa. Mjomba akasema, "Mwaona? Ameondoka, na mtoto anaona."

Je, karatasi yenye kilima ingemwokoa? Hatutaki kuahidi kupita kiasi. Kipimo hiki hupima njia. Kuona kwenyewe ni jambo jingine. Mtoto aliyejeruhiwa kisogoni aweza kutoa jibu mwanga unapomulikwa, na bado asijue kilicho mbele yake, kama barua iliyofika nyumba ya mtu asiyejua kusoma. Na mtoto mdogo mwenye kuchoka haukazii ubao jicho, akapata jibu baya bila kuwa mgonjwa. Wanaotumia mashine hii vema huisoma pamoja na mambo mengine, hawaiabudu. Lakini ingalikuwa kitu cha kuweka mezani mbele ya mjomba, kitu ambacho kingesema: habari zatoka jichoni bila kizuizi, kosa liko ndani, mahali ambapo mafuta ya kaku hayafiki. Watu wetu si wakaidi kama watu wengine wanavyodhani. Wanataka kuona, nao wana haki.

Iko habari nyingine ya namna hiyo, ya nchi yetu hii hii, ambamo kipimo kimetumika kweli.

Huko Kwango, magharibi ya Kongo, watu wanaujua ugonjwa uitwao konzo. Jina hilo ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika katika kitabu mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na asipozidiwa hata kushindwa kabisa kusimama, atatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigongana, maisha yake yote. Huwapata hasa watoto waliokwisha achishwa ziwa na wanawake wenye umri wa kuzaa. Na kwa kuwa huja siku moja, kama mtu aliyepigwa, wengi walitafuta mpigaji. Mwaka 1981 watu zaidi ya elfu moja walipatwa huko Msumbiji, mkoa wa Nampula, wakati wa ukame. Mwaka 1985 ulionekana Tarime, Tanzania.

Mpigaji alikuwa katika chungu. Mihogo michungu ina sumu, sayanidi, na sumu hiyo hutoka mihogo ikilowekwa majini siku tatu au zaidi, kisha ikaanikwa vema. Mwili nao una kinga yake: huigeuza sumu kwa msaada wa salfa ipatikanayo katika samaki, nyama na maharagwe. Mtu akila mihogo isiyolowekwa vya kutosha, siku baada ya siku, wala hana samaki wala maharagwe, ndipo miguu hufungwa.

Lakini wagonjwa wengine wa konzo walilalamika pia kwamba hawaoni vizuri, na watu walishangaa, maana ugonjwa ulijulikana kuwa wa miguu. Ndipo madaktari wa Kongo, miongoni mwao Jean-Claude Mwanza na Désiré Tshala-Katumbay, pamoja na wenzao wa Ulaya, wakawaketisha wagonjwa mbele ya ubao wa dama. Mwaka 2003 walitangaza waliyoyaona: kwa baadhi ya wagonjwa jibu la kisogoni halikuwa kama la watu wenye afya. Sumu haikuwa imeishia katika njia ya miguu. Kwa watu wengine iligusa hata njia ya mwanga. Mwaka 2013 Tshala-Katumbay na wenzake walieleza habari nyingine, chungu zaidi, kutoka Kahemba: waliwapima watoto akili na kumbukumbu, wakakuta kwamba hata watoto wa huko wasio na konzo, wanaotembea sawasawa, walikuwa nyuma kuliko watoto wa mahali pasipo na ugonjwa huo. Yaani sumu yaweza kufika kichwani pasipo kuonekana miguuni.

Sisi tunaokula bukari ya mihogo na sombe tangu kuachishwa ziwa hatuna budi kuyasikia haya kwa masikio mawili. Na liko jambo moja lililotushtua kuliko sumu yenyewe. Katika utafiti wa huko Bandundu mwanzoni mwa miaka ya 1990, daktari Tylleskär wa Sweden na wenzake Wakongo walikuta kwamba ugonjwa uliongezeka barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa. Barabara ilileta malori, malori yalileta wachuuzi, wachuuzi walitaka mihogo upesi, na akina mama wakapunguza siku za kuloweka, kutoka tatu hata mbili, hata moja. Mababu walijua siku tatu pasipo mashine; mchuuzi mwenye fedha mkononi alizifuta. Sisi tuna reli, tuna malori ya Kolwezi, na huko Kolwezi mna vinywa vingi vya wachimbaji vinavyongoja unga. Ndiyo maana twaandika.

Uko msaada kwa unga uliokwisha sagwa. Mtaalamu Howard Bradbury wa Australia alifundisha njia ambayo imetumika katika vijiji vya Kwango: changanya unga na maji uwe rojo, utandaze juu ya mkeka uwe mwembamba, uache saa tano kivulini au saa mbili juani, kisha upike siku hiyo hiyo. Sumu hutoka kama moshi usioonekana. Hakuna fedha inayohitajika, ila mkeka na subira; nasi tumejaribu nyumbani, na bukari haina kasoro. Watoto wanasema ni laini zaidi. Baba mkubwa anasema imepoteza nguvu, lakini alikula mara mbili.

Juma lililopita tulipita kijitoni. Mchuuzi alikuwa amekwisha fika, amesimama juu ukingoni na mizani yake, anaita bei. Mama mmoja aliinama, akatoa muhogo majini, akauvunja, akaunusa, akaubonyeza kwa kidole gumba. Akaurudisha.

"Huu bado," akasema.

"Mama, lori laondoka kesho," akajibu mchuuzi.

Mama hakuinua kichwa. Alitoa mwingine, akaunusa.